Baada ya Karatasi ya Ruhusa: Namna Jeraha la Mmoja Linavyoipanga Upya Ndoa na Nyumba

Karatasi anayopewa mgonjwa wa mifupa siku ya kuruhusiwa kutoka wodini huwa na maneno machache: jina la mfupa uliovunjika, aina ya upasuaji aliofanyiwa, dawa za siku kadhaa, tarehe ya kurudi kliniki, na pengine sentensi moja ya kumkataza asiukanyagie mguu. Haisemi ni nani atakayemwogesha. Haisemi kodi ya chumba inayokwisha mwezi ujao italipwa na nani, mtoto wa darasa la pili aelezwe nini, wala mke ajibu nini ikiwa kaka za mume wameshakubaliana kwa simu kwamba mgonjwa asafirishwe kijijini akauguzwe na mama yake. Hayo yote huachiwa watu wawili ambao kwa miaka walikuwa wamegawana kazi za maisha kwa mpango wasiouandika popote, na ambao sasa mmoja wao amelala.

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue kaya moja ya mfano iliyopanga vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam. Mume anaendesha bodaboda, mke ni mama lishe, watoto ni wawili. Mume amevunjika mfupa wa paja. Nimechagua mfano huu kwa kuwa ajali za pikipiki ndizo zinazowaleta watu wengi katika wodi za mifupa nchini Tanzania, na wengi wao ni watu wa umri wa kulea na kulisha. Hata hivyo, mengi nitakayoyaeleza yanamhusu pia aliyeanguka kutoka kwenye mnazi, fundi aliyedondoka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, au mwalimu aliyegongwa akivuka barabara.

Jeraha kubwa ndani ya ndoa lina pande mbili, na kila upande una mwendo wake. Upande wa kwanza ni mwili, ambao una kanuni zake na ambao daktari anaweza kuueleza kwa picha ya eksirei. Upande wa pili ni nafasi za watu: nani analeta chakula, nani anaamua, nani anamgusa nani na kwa kazi gani. Nafasi hizo hubadilika kwa siku moja, na hazirudi zenyewe mfupa unapounga. Familia nyingi huushughulikia upande wa kwanza kwa bidii na kuuacha wa pili ujipange wenyewe. Naamini huko ndiko ndoa nyingi zinakoumia.

Mfupa na miezi yake

Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini, na kwa mtu mzima mwenye afya huchukua takribani miezi 3 hadi 6 kuunga. Njia ya zamani ya kuutibu, ambayo bado inatumika pale upasuaji unapokosekana, ni kumlaza mgonjwa huku mguu ukivutwa kwa uzito kwa wiki 6 hadi 12. Siku hizi katika hospitali kubwa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, mgonjwa wa namna hii huwekewa fimbo ya chuma ndani ya mfupa. Aina mojawapo inayotumika sana katika nchi zenye uwezo mdogo hutoka kwa shirika la SIGN la mjini Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999. Chuma chao kilibuniwa ili daktari aweze kukaza skrubu zake bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji.

Maendeleo haya ni ya kushukuriwa, ila yana matokeo ambayo familia haiyategemei. Mgonjwa ambaye zamani angekaa wodini miezi miwili akihudumiwa na wauguzi wa zamu, sasa anaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache. Kazi ya wauguzi wale haikufutika. Imehamia chumbani Mbagala, na imeangukia mikononi mwa mke ambaye hakuna aliyemfundisha. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuguzi kabla ya kuondoka wodini ni hili: "Nionyeshe kwa mikono yako namna ya kumnyanyua, kumgeuza na kumsafisha kidonda, nami nifanye ukiniangalia." Ni haki ya anayeuguza kuuliza hivyo, na nusu saa ya mafunzo hayo humsaidia kuuokoa mgongo wake mwenyewe.

Kosa la kawaida ni kuichukulia ruhusa kuwa ni kupona. Wiki mbili za mwanzo nyumba hujaa watu wa kumjulia hali mgonjwa, na michango huingia kwenye simu. Kisha watu hurudi kwenye shughuli zao, na kinachobaki ni miezi ya katikati, mirefu na isiyo na wageni, ambayo ndiyo migumu zaidi kwa fedha na kwa moyo. Mwenye hekima katika ukoo angegawa michango ile: sehemu itumike sasa, sehemu iwekwe kwa ajili ya mwezi wa tatu na wa nne.

Kuna dalili ambazo anayeuguza anapaswa kuzijua kama anavyojua njia ya sokoni. Muundi ukivimba na kuuma kupita kawaida, mgonjwa akibanwa na pumzi ghafla au akiumwa kifua, hayo yanaweza kuwa ni damu iliyoganda mshipani na kusafiri hadi mapafuni, na hospitali ni ya saa ileile. Homa, usaha, au kidonda kinachotoa harufu ni dalili za maambukizi. Vidole vya mguu uliofungwa hogo, yaani plasta ngumu, vikiwa baridi, vya buluu au vyenye ganzi, hogo linabana na halipaswi kusubiri tarehe ya kliniki. Kwa sababu hiyohiyo ni lazima kuwa mwangalifu na mhazigi, yaani mganga wa jadi anayeunga mifupa. Wapo wahazigi wanaoheshimika vijijini, lakini kuufunga mguu kwa mbao na kamba zilizokazwa sana kumewahi kukata damu kiasi cha mguu kuoza na kukatwa, na kuukanda kwa nguvu mguu wenye chuma ndani ni kuhatarisha kazi ya upasuaji. Supu ya makongoro ambayo kila mgeni huisifia haina ubaya wowote, ila haitoshi peke yake: mwili unaojenga mfupa unahitaji mayai, dagaa, maharage, maziwa na mboga za majani kila siku. Sigara huchelewesha kuunga kwa mfupa, na hili ni la kumwambia mgonjwa wazi.

Choo, kitanda, na usiku

Katika nyumba nyingi za kupanga, choo ni cha kuchuchumaa na kiko uani, pengine kinatumiwa na wapangaji wengine watatu. Mtu aliyevunjika paja hawezi kuchuchumaa. Jambo hili dogo, ambalo sijaliona likitajwa kwenye karatasi yoyote ya ruhusa, ndilo linaloamua heshima ya mgonjwa katika wiki za mwanzo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, kinachowekwa juu ya shimo la choo au juu ya ndoo chumbani. Kiti hicho kikipatikana kabla ya mgonjwa kurudi, mume hatalazimika kumwita mkewe kila mara kwa ajili ya beseni. Kitanda nacho kisiwe godoro la chini, kwa kuwa kuinuka kutoka sakafuni kwa magongo ni kazi isiyowezekana. Kimo kinachofaa ni kile ambacho mgonjwa akikaa ukingoni miguu yake inafika chini.

Mazoezi ya viungo yana ugumu wa namna nyingine. Goti lisilokunjwa kwa wiki kadhaa hukakamaa, na mtaalamu wa mazoezi ya tiba humwelekeza mgonjwa alikunje kila siku ingawa linauma. Nyumbani anayesimamia mazoezi hayo ni mke, yaani mtu yuleyule anayempenda mgonjwa ndiye anayemsababishia maumivu asubuhi na jioni. Mgonjwa hukasirika, na mke huona kama anachukiwa kwa kutenda wema. Inasaidia sana wakikubaliana mapema kwamba hesabu ya mikunjo imetolewa na mtaalamu, na kwamba mke kazi yake ni kuhesabu tu.

Hayo ni ya mguu. Jeraha la uti wa mgongo lina uzito mwingine kabisa, na nalitenga kwa sababu hiyo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengi waliopooza kwa kuvunjika uti wa mgongo hawakuishi muda mrefu. Waliuawa na vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya njia ya mkojo. Ludwig Guttmann, daktari aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi na kufungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliweka kanuni kwamba wagonjwa wake wageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Kanuni hiyo iliokoa maisha, nayo ndiyo msingi wa mafundisho yanayotolewa hadi leo. Ngozi isiyo na hisia haimwambii mwenyewe kwamba inaumia, na mfupa ulio chini yake huibana mishipa ya damu mpaka nyama inakufa.

Sasa hebu tuihesabu kanuni hiyo nyumbani. Kila saa 2 ni mara 12 kwa siku. Hospitalini mara hizo 12 zinagawanywa kwa zamu tatu za watu waliolala nyumbani kwao. Chumbani zinabebwa na mwenzi mmoja ambaye alfajiri anawasha jiko, na ambaye pengine kila baada ya saa 4 hadi 6 anasaidia pia kutoa mkojo kwa mpira. Baada ya mwezi mmoja wa usingizi wa vipande, mtu huyo husahau, hulia bila sababu, hufoka, na hujilaumu kwa kufoka. Anayemtazama kwa nje humwona amebadilika tabia, kumbe hajalala. Hapa ndipo wahenga walipopatia waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msaada wa maana kuliko sahani ya pilau ni ndugu kuja kulala mle ndani usiku mbili kwa wiki ili mwenzi alale kwingine. Mhudumu wa afya naye anaweza kuwaelekeza namna ya kurefusha muda wa usiku kidogokidogo kwa kutumia godoro linalofaa na mito, huku ngozi ya makalio, visigino na nyonga ikikaguliwa kila asubuhi.

Fedha, na nani anayeonekana kisheria

Tukirudi Mbagala, mume wetu wa mfano alikuwa akiendesha pikipiki ya mkataba: kila wiki alipeleka hesabu kwa mwenye chombo hadi kiasi walichokubaliana kitimie, ndipo pikipiki iwe yake. Ajali inapotokea, hesabu inasimama, chombo kimeharibika, na mwenye nacho anaweza kukichukua. Familia inapoteza kipato cha leo na pia miezi yote iliyokwisha kulipwa. Kwa hiyo mke asisubiri mwenye chombo aje kugonga mlango. Amwendee mapema na shahidi mmoja, wauangalie mkataba kama uliandikwa, na wakubaliane kwa maandishi ama kusimamisha hesabu ama kumweka dereva mwingine wa muda. Mkopo wa haraka, ule watu wanaouita kausha damu, ni mlango ambao katika kipindi hiki huonekana mpana, lakini malipo yake ya kila siku au ya kila wiki huanza kabla mgonjwa hajashika hata gongo.

Bima inahitaji maelezo kwa sababu imani potofu ni nyingi. Bima ambayo sheria inailazimisha kwa kila chombo cha moto ni ile ya mtu wa tatu. Inamlinda aliyeumizwa na chombo hicho. Dereva mwenyewe haimlindi. Mume akiteleza peke yake kwenye mchanga, bima hiyo haimpi chochote. Akigongwa na gari kwa kosa la dereva wa gari, yeye ndiye mtu wa tatu wa gari lile, na anaweza kudai kwa kampuni iliyolikatia bima. Ndiyo maana fomu ya polisi ya PF3, taarifa ya askari wa usalama barabarani na namba za gari zihifadhiwe kwenye bahasha moja na nakala zake kwa ndugu anayeaminika, kwa kuwa karatasi hizo hupotea kirahisi katika msongamano wa siku za mwanzo. Kama gari lilikuwa na bima ya kweli, hilo linaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Aliyeajiriwa yuko mahali pengine kabisa. Akiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, hugharimia matibabu na utengamao, yaani huduma za kumrudishia uwezo wake, na humlipa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi cha ulemavu wa muda kisichozidi miezi 24. Mfuko huo una pia fao la malipo kwa anayemhudumia mgonjwa aliyebaki na ulemavu wa kudumu na hawezi kujihudumia, jambo ambalo wenzi wengi hawalijui. Akiumia nje ya kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Aliyejiajiri na asiye na uwezo hana lolote kati ya hayo, isipokuwa kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, bila kuona aibu, aombe kupimiwa msamaha wa gharama.

Na mwenzi anayeuguza je? Sheria hiyo ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, iliweka siku 4 za likizo yenye malipo kwa mfanyakazi ambaye mtoto wake ameugua au amefariki, au ambaye amefiwa na mume, mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Isome tena orodha hiyo polepole. Mume akifa, mke anapata siku 4. Mume akivunjika uti wa mgongo na kubaki hai, kifungu hicho hakimtaji. Sheria ilimwona aliyeumia na ilimwona aliyefiwa, ila haikumwona anayekesha. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu pengo hilo hulazimisha watu kusema uongo kazini au kuacha kazi ambayo ndiyo pekee inayoleta fedha za dawa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa upande mwingine, ililiona jambo ambalo jamii inasita kulisema. Kifungu cha 63 kinaanza kwa kumpa mume wajibu wa kumtunza mkewe, kisha kinasema mke mwenye uwezo wa kutosha ana wajibu wa kumtunza mumewe aliyeshindwa kujipatia riziki, iwe kabisa au kwa kiasi, kwa sababu ya kuumia au kuugua mwili au akili. Mume aliyelala asione basi kwamba kulishwa na mkewe ni kuvuliwa uanaume. Hata sheria ya nchi ilijua kwamba mzigo wa nyumba huhama bega.

Kikao cha ukoo

Kila jeraha kubwa huleta kikao. Wazazi wa mume, kaka, wifi, mjomba anayesikilizwa, wote wana la kusema, na wana haki, kwa kuwa aliyeumia ni mtoto wao kabla hajawa mume wa mtu. Tatizo linaanza pale mke anapoketi pembeni kama mhudumu wa chai wakati mambo ya nyumba yake yanaamuliwa. Uamuzi wa kumhamishia mgonjwa kijijini unaweza kuwa mzuri au mbaya, lakini kipimo chake kiwe ni umbali wa kliniki, choo, na nani hasa atakayemgeuza usiku. Kisiwe ni mashaka ya wifi kwamba mke hatamtunza kaka yake vizuri.

Mara nyingi kikao hufika kwenye kiwanja. Mwanandoa anayejua sheria atakumbuka kifungu cha 59 cha sheria ileile ya mwaka 1971: nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala haitolewi zawadi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Ndugu hawana mamlaka ya kuiuza kwa niaba ya aliyelala, hata kama nia yao ni kulipia matibabu. Mke akisema hivyo kikaoni, aliseme kwa adabu: "Baba, nawashukuru kwa kumhangaikia mwanenu. Tunaomba mimi na yeye tukae kwanza, kisha tuwaletee jibu." Sentensi hiyo inawaheshimu wakwe na inamrudisha mgonjwa katika nafasi ya mtu anayeulizwa. Mgonjwa mwenye akili timamu anapaswa kuulizwa kila jambo. Mguu ndio uliovunjika.

Simu ya mgonjwa ni jambo dogo linalozaa ugomvi mkubwa, kwani ndani yake mna akiba, madeni na michango. Akiwa na fahamu, yeye mwenyewe aamue nani atoe fedha na mbele ya nani, na daftari moja liandike kila kilichoingia na kutoka. Daftari hilo humlinda mke kuliko kiapo.

Inapokuwa ni mke aliyeumia, mambo hugeuka kwa namna ya kufundisha. Mara nyingi mume huagiza dada yake au mama mkwe aje kuuguza, naye anaendelea na kazi. Hesabu ya hasara haijumuishi kazi za mke, kwa kuwa hazikuwa na mshahara. Kisha maji hayajatekwa, sare hazijafuliwa, na ndani ya wiki mbili nyumba inagundua ilikuwa imesimama juu ya nani. Wapo waume wanaojifunza kumwogesha mke na kumsuka nywele mbili za kulalia, na wapo majirani wanaowacheka. Mume wa namna hiyo anahitaji wanaume wenzake wamtetee kijiweni.

Yasiyosemwa chumbani

Anayemfuta mwenzake haja mchana huona shida kumtazama kama mpenzi usiku, na anayefutwa huona shida kubwa zaidi. Wengi hunyamaza, na kila mmoja hutafsiri ukimya wa mwenzake kuwa ni kukataliwa. Aliyevunjika paja anaweza kurudia tendo la ndoa pale maumivu yanapopungua na daktari wake akiona mfupa umetulia, kwa mkao usiouelemea mguu. Hakuna tarehe moja ya wote, na kumwuliza daktari si utovu wa adabu. Aliyeumia uti wa mgongo huweza kubaki na hamu kamili huku mwili ukiitika tofauti. Zipo dawa na njia za kusaidia nguvu za kiume, na wapo wanaume waliopooza wanaopata watoto kwa msaada wa kitaalamu. Kwa mwanamke, hedhi inaweza kukatika kwa miezi kadhaa baada ya jeraha kisha ikarudi, na ikirudi uwezo wa kushika mimba kwa kawaida huwepo, hivyo uzazi wa mpango bado una nafasi. Inapowezekana, kazi za usafi wa haja zifanywe na mtu mwingine angalau baadhi ya siku, ili mikono ya mwenzi ipate kubaki na maana nyingine.

Jeraha la kichwa ndilo linaloiumiza ndoa kuliko yote, kwa sababu mwili unaweza kupona kabisa na mtu akabaki mwingine. Aliyekuwa mpole anafoka kwa kijiko kilichoanguka. Aliyekuwa mwepesi wa kukumbuka anauliza swali moja mara sita. Mke hujisikia mjane ambaye mumewe yupo mezani, na hana ruhusa ya kulia kwa kuwa kila mtu anamwambia ashukuru Mungu mume yu hai. Ubongo ulioumia hupoteza breki za hasira na nguvu za kupanga mambo, na huchoka upesi. Kelele, redio na wageni wengi kwa pamoja huzidisha. Ratiba ileile kila siku, maelekezo mafupi ya jambo mojamoja, na usingizi wa kutosha husaidia kuliko kubishana. Hata hivyo, ugonjwa hauhalalishi kipigo. Mwenzi anayepigwa aondoke chumbani na watoto, kisha aeleze kliniki kama anavyoeleza homa.

Watoto nao huambiwa machache mno. Mdogo anaweza kuamini kwamba baba alianguka kwa sababu yeye aliomba andazi siku ile, na huogopa antena, ile fremu ya vyuma inayotokeza nje ya mguu. Aambiwe ukweli kwa maneno mafupi, aguse gongo, apewe kazi ya kuleta maji ya kunywa. Binti mkubwa asigeuzwe mama wa nyumba kimyakimya. Akianza kukosa shule, hilo lipelekwe kikaoni kabla ya jambo jingine lolote.

Siku ya kushika tena usukani

Kisha mfupa unaunga. Daktari anaangalia eksirei, anasema mgonjwa aukanyagie mguu, na chuma kwa kawaida hubaki ndani bila kudhuru. Watu wa nje hudhani hapo ndipo furaha inapoanza, na mara nyingi ndipo ugomvi unapoanza. Katika miezi mitano mke wa Mbagala amejifunza kupanga bei, ameongeza sufuria, anawalisha mafundi wa jengo la jirani, na fedha zote za nyumba zinapita mkononi mwake. Mume anataka kurudishiwa nafasi yake yote kwa mara moja, kwa sababu kila siku aliyolala aliihesabu kama deni la heshima. Mke naye anaogopa: anaogopa kurudi kuomba hela ya chumvi, na anaogopa mlio wa pikipiki.

Nafasi zirudishwe kidogokidogo, na kwa kusema. Tangu mgonjwa akiwa kitandani angeweza kuachiwa kazi halisi zisizohitaji mguu: kuandika daftari la mauzo, kusimamia masomo ya watoto, kupiga simu kwa wadaiwa. Mtu aliyebaki na kazi hizo hainuki akiwa na njaa ya madaraka. Mwezi wa kwanza wa kipato anaweza kuchukua bili ya umeme na ada, mke akabaki na chakula na akiba. Mwezi wa tatu wapange upya. Kuhusu barabara, waketi kabla hajawasha chombo, wakubaliane saa ya kurudi jioni, njia ambazo hatapita usiku, na kama mkataba mpya wa pikipiki utasainiwa sasa au baada ya goti kukunjika sawasawa. Na biashara ya chakula ya mke iendelee ilipofikia, mume akiwa ndiye anayewapelekea mafundi vyombo saa sita mchana.